Monita pana za gemu na filamu: inchi 29, 34 au 49?

Swali hili hunijia karibu kila mwezi, na mara nyingi huja limechelewa. Mtu ameshasimama mbele ya kaunta Kariakoo, ananitumia picha ya boksi kwa WhatsApp: "Kaka, nichukue hii?" Boksi halinisaidii kumjibu. Ninachotaka kujua ni meza yake ina ukubwa gani, kompyuta yake ina kadi gani ya grafiki, na jioni akishakula huwa anatazama nini. Nikishajua hayo matatu, monita yenyewe inakuwa imeshajichagua.

Hapa nalinganisha aina nne ambazo mnunuzi wa Dar es Salaam hukutana nazo: inchi 29, inchi 34 ya kioo cha kawaida (VA au IPS, aina mbili za kioo chenye taa nyuma yake), inchi 34 ya OLED (kioo ambacho kila nukta inawaka yenyewe), na lile pana kabisa la inchi 49. Bei sitaziandika kwa sababu hupanda na kushuka na dola pamoja na mzigo ulioingia wiki hiyo. Mpangilio wake ndio hautikisiki sana: 29 iko chini, 34 ya kawaida inafuata, kisha OLED na 49 ziko juu huko zikipishana kulingana na toleo.

## Upana hauongezi kimo

Inchi za monita hupimwa kwa ulalo, kona hadi kona, na hapo ndipo wengi hujichanganya. Monita pana ya inchi 34 ina upana wa karibu sentimita 80 na kimo cha sentimita 33. Kimo hicho ni sawa na cha monita ya kawaida ya inchi 27. Ile ya 29 ina upana wa sentimita 68 na kimo cha 28 na ushee, yaani kama inchi 23 ya kawaida. Ya 49 ina upana wa sentimita 120, lakini kimo chake hakifiki 34. Ni kama umechukua inchi 27 mbili ukaziunganisha bila fremu katikati.

Sasa chukua mfano wa mpira. Mechi za televisheni, video nyingi za YouTube na tamthilia zetu nyingi hurekodiwa kwa uwiano wa 16 kwa 9, yaani upana kwa kimo. Simba na Yanga wakiingia uwanjani, kwenye inchi 34 yako picha itakaa katikati ikiwa na upana wa sentimita 59 hivi, na kila upande kutabaki pengo jeusi la sentimita kumi. TV ya kawaida ya inchi 32 ingekupa picha ya upana wa sentimita 71. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeona watu wakiumia: ametoa fedha nyingi, amewaita majirani kutazama derby, na picha ni ndogo kuliko ya TV aliyoiondoa ukutani.

Kwenye sinema mambo hugeuka. Filamu nyingi za Hollywood hutengenezwa kwa uwiano wa 2.39 kwa 1, na ukigawanya 3440 kwa 1440, ambazo ndizo pikseli (nukta za picha) za inchi 34, unapata 2.39 hiyohiyo. Filamu inajaza kioo chote, ukingo kwa ukingo. Kwa anayependa sinema, hakuna namna ya kuieleza furaha ile mpaka aione mwenyewe usiku, taa zikiwa zimezimwa. Tahadhari moja tu: video nyingine za mtandaoni huwa na mapengo meusi yaliyopikwa ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo unapata weusi pande zote nne na picha ndogo katikati. Viendelezi vya kivinjari vya kukuza picha vipo na vinasaidia, ila ni kazi ya ziada.

Jambo la mwisho kabla ya kulinganisha: PS5 na Xbox hazitoi picha ya 21 kwa 9, yaani uwiano wa monita pana za inchi 29 na 34. Kama gemu zako zote ziko kwenye PlayStation, monita pana itakuonyesha picha ya kawaida katikati ya kioo. Chukua TV nzuri au inchi 27 ya kawaida, fedha inayobaki nunua kidhibiti cha pili.

## Nitakavyozipima

Kila moja nitaipima kwa mambo yaleyale: gemu, filamu na mpira, kompyuta inayoihitaji, kisha meza na chumba. Chumba nakipa uzito zaidi ya wanavyokipa waandishi wa ng'ambo, kwa sababu wengi wetu tunakaa vyumba vya kupanga vyenye dirisha kubwa, mwanga mkali, joto, na umeme ambao unaweza kuyumba wakati wowote.

## Inchi 29 (pikseli 2560 kwa 1080)

Gemu. Unaongeza theluthi moja ya upana ukilinganisha na picha ya kawaida ya 1920 kwa 1080. Kwenye gemu za kuendesha kama Euro Truck Simulator 2 au Forza Horizon 5 unakiona kioo cha pembeni bila kuzungusha kamera, na hilo peke yake linabadilisha namna unavyokata kona. Nyingi katika aina hii zina hezi (mara ambazo picha hubadilika kwa sekunde) 75 au 100. Zinatosha kwa barabara na mikakati; kwa anayeshindana kwenye gemu za risasi ni chache.

Filamu na mpira. Sinema inajaa vizuri. Mpira unakuwa na ukubwa wa inchi 23, ambao unamtosha mtu mmoja aliyekaa karibu.

Kompyuta. Hapa ndipo inaposhinda roho za wengi. Pikseli zake ni kama milioni 2.8, kwa hiyo hata kadi ya grafiki ya miaka kadhaa iliyopita inaimudu bila kuhema.

Meza na chumba. Inakaa kwenye meza ya mwanafunzi, inabebwa kwenye bajaji, inakula umeme kidogo. Ubaya wake ni kimo: ukiandika ripoti au kusoma kurasa ndefu utaviringisha gurudumu la kipanya kutwa nzima.

Kuna mtego mmoja. Zipo monita za inchi 34 zenye pikseli hizihizi 2560 kwa 1080, na huuzwa kwa bei inayovutia. Pikseli zilezile zimetandazwa kwenye kioo kikubwa zaidi, zinabaki 82 tu kwa inchi badala ya 96, na herufi zinaanza kuonekana na kingo za ngazi. Kwa gemu utavumilia. Kwa kusoma utachoka. Kwenye boksi tafuta idadi ya pikseli kwanza, inchi baadaye.

## Inchi 34 ya kawaida (pikseli 3440 kwa 1440)

Gemu. Hii ndiyo saizi ambayo watengenezaji wa gemu za kompyuta wengi huifikiria wanaposema wanakubali skrini pana. Herufi ni kali, pikseli 110 kwa inchi, na hezi 144 au zaidi ni jambo la kawaida siku hizi. Hata hivyo si kila gemu linakubali. Elden Ring hukuwekea pande nyeusi na kubaki 16 kwa 9. Valorant nayo haikupi eneo la ziada la kuona, ili wachezaji wote wawe sawa. Andika gemu tano unazocheza kweli, si zile unazotamani, kisha tafuta moja baada ya nyingine kama inakubali 21 kwa 9.

Filamu na mpira. Nimeshayaeleza juu: sinema ni raha, mpira ni inchi 27. Ila aina ya kioo ina neno. IPS ina rangi tulivu hata ukitazama kwa pembeni, lakini weusi wake ni wa kijivu kidogo. Utofautishaji wake, yaani nyeupe inavyoizidi nyeusi kwa mwanga, huwa karibu 1000 kwa 1. VA hufikia 3000 kwa 1 hivi, weusi wake ni mzito na unapendeza kwenye matukio ya usiku. Gharama ya VA ni kwamba rangi za giza hubadilika polepole, kwa hiyo kitu kikikimbia kwenye kivuli kinaacha mkia kama moshi. Mchezaji wa gemu za kasi ataona na kukereka. Mtazama filamu huenda asigundue kabisa.

Kompyuta. Pikseli ni karibu milioni 5, theluthi moja zaidi ya 2560 kwa 1440. Kadi ya daraja la RTX 3060 itaimudu ukikubali kupunguza ubora wa picha kwenye gemu. Ukitaka kila kitu juu, panda daraja la RTX 4070 au linalolingana nalo. Mtu ananunua monita, baada ya wiki mbili anagundua lazima anunue na kadi. Bajeti ziwekwe pamoja tangu mwanzo.

Na hapa niseme yaliyonikuta. Inchi 34 yangu ya kwanza niliitumia miezi mingi kwa hezi 50 bila kujua. Nilikuwa nimelipia 144. Kompyuta mpakato yangu ilikuwa na tundu la HDMI 1.4, na kwa pikseli hizi tundu hilo linaishia hezi 50, HDMI 2.0 inafika 100; kufika 144 unahitaji DisplayPort 1.4 au HDMI mpya zaidi. Nilidhani macho yangu ndiyo yamechoka. Tangu siku hiyo, mtu akiniomba ushauri namwambia aniambie kwanza ni matundu gani yaliyo kwenye mashine yake, na asidhani kila tundu la USB-C linatoa picha, maana mengine ni ya kuchajia na kuhamisha mafaili tu.

Meza na chumba. Inataka meza yenye upana wa angalau mita moja na kina cha sentimita 70. Meza nyingi za dukani zina kina cha 50 au 60, na miguu ya monita hizi hukaa mbele, hivyo kibodi inakosa pa kukaa. Dawa ni mbili: mkono wa kufunga kwenye ukingo wa meza (hakikisha monita ina matundu ya skrubu ya VESA ya milimita 100 kwa 100 na mkono unabeba uzito wake), au umwone fundi seremala wa Keko akutengenezee meza ya kipimo chako. Kwa mwanga wa mchana, vioo hivi vyenye uso usioakisi ndivyo vinavyovumilia vizuri zaidi dirisha lililo nyuma yako.

## Inchi 34 ya OLED

Gemu. Kila pikseli inawaka na kuzimika yenyewe, na inabadilika haraka kiasi kwamba ule mkia wa moshi haupo. Monita ya kwanza ya QD-OLED (aina mojawapo ya OLED), Alienware AW3423DW ya Dell, ilitoka mwaka 2022 ikiwa ya saizi hiihii, pikseli 3440 kwa 1440 na hezi 175. Ukiwahi kucheza gemu la usiku kwenye OLED, kurudi kwenye IPS ni kama kutazama kupitia ukungu.

Filamu na mpira. Hakuna kati ya hizi nne inayoonyesha sinema vizuri kuliko hii. Weusi ni weusi kweli, hata yale mapengo ya pembeni wakati wa mpira hayaonekani chumba kikiwa giza. Ila kuna hofu ya kioo kuungua: alama inayokaa mahali pamoja kwa saa nyingi, kila siku, inaweza kuacha kovu la kudumu. Nembo ya kituo cha televisheni kwenye kona, ubao wa magoli, mstari wa chini wa Windows, vyote ni vya kuogopa. Anayeacha chaneli ya mpira ikiunguruma tangu asubuhi hadi usiku asiinunue.

Kompyuta. Sawa na 34 ya kawaida, maana pikseli ni zilezile.

Meza na chumba. Mambo mawili ya hapa kwetu. La kwanza ni mwanga. QD-OLED hazina ile karatasi ya kuchuja mwanga iliyo kwenye vioo vingine, kwa hiyo dirisha likiwa wazi mchana, weusi wake hugeuka kijivu chenye uzambarau kidogo. Rafiki yangu anayekaa Mbezi Beach, dirisha lake linatazama magharibi. Kuanzia saa kumi jioni kioo chake cha fedha nyingi kinaonekana kimepauka kuliko cha kawaida. Aliponunua pazia zito, tatizo likaisha.

La pili halisemwi sana. OLED hufanya kazi ya kujirekebisha pikseli baada ya kutumika saa kadhaa, na hufanya hivyo ukiwa umeizima kwa kitufe lakini umeme bado unaingia. Sisi tuna desturi ya kuzima kwenye swichi ya ukutani, kwa kuogopa umeme ukirudi kwa kishindo. Ni desturi nzuri, inaokoa vifaa. Ila kwa OLED, zima kwa kitufe, isubiri dakika kadhaa imalize, ndipo uzime ukutani. Na iwekee UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika.

Kuhusu waranti, usikubali jibu la "ipo bosi". Uliza: inafunika kioo kuungua? Nikipata tatizo monita inapokelewa hapahapa Dar, au inasafirishwa Dubai kwa gharama yangu? Jibu liandikwe kwenye risiti.

## Inchi 49 (pikseli 5120 kwa 1440)

Gemu. Kwa anayeendesha gari au ndege kwenye kompyuta, hii ni ndoto. Microsoft Flight Simulator kwenye upana wa mita 1.2 inakufanya ugeuze shingo kutazama bawa. Samsung Odyssey G9 ya mwaka 2020 ndiyo iliyozifanya zitamaniwe: hezi 240 na mpindo wa 1000R, maana yake kioo kimepinda kama kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha mita moja, na wewe unakaa karibu na kitovu. Nje ya gemu hizo mambo ni nusu kwa nusu. Gemu nyingi huvuta picha pembeni ikarefuka, na nyingine huweka ramani na risasi zilizobaki kwenye kona za mbali kabisa na macho yako.

Filamu na mpira. Sinema ya 2.39 inaacha pikseli 840 nyeusi kila upande. Mpira unachukua nusu tu ya kioo. Lakini nusu ile nyingine si ya kutupa: monita hizi nyingi zinaweza kuonyesha vyanzo viwili kwa pamoja, kwa hiyo mpira uko kushoto na kazi iko kulia, au PS5 upande mmoja na kompyuta upande wa pili. PS5 inatoa 2560 kwa 1440 tangu mwaka 2022, nayo ni nusu kamili ya kioo hiki. Ukigawa hivyo, mara nyingi hezi hushuka. Soma maelezo ya toleo lako.

Kompyuta. Pikseli milioni 7.4, karibu na mzigo wa 4K (3840 kwa 2160). Kadi ndogo haiiwezi, tusidanganyane.

Meza na chumba. Meza ya sentimita 150 kwa 75, imara, kwa sababu uzito unapita kilo 10. Kadi kubwa na kioo kikubwa vikifanya kazi pamoja katika chumba kisicho na kiyoyozi mwezi wa Februari, utalisikia joto. Na umeme upige hesabu mapema: kila wati 50 kwa saa 6 kwa siku ni uniti 9 za LUKU kwa mwezi, na lebo ya nyuma itakuambia monita inakula wati ngapi.

Ukikuta ya 49 iliyotumika kwa bei ya chini mno, uliza pikseli. Za mwanzo, kama Samsung CHG90 ya mwaka 2017, zilikuwa na 3840 kwa 1080, na herufi zake ni nene.

## Siku ya kununua

Nenda na mashine yako mwenyewe na waya wako. Iunganishe dukani, fungua mipangilio ya skrini ya Windows, soma pikseli na hezi kwa macho yako. Weka picha nyeusi tupu, kisha nyeupe tupu, ukague nukta zilizokufa na madoa. Kwa iliyotumika, weka kijivu pia, maana kovu la OLED huonekana hapo. Isafirishwe imesimama ndani ya boksi lake na maboya yake ya kukinga, kamwe isilazwe, na usikubali kuibeba kwa bodaboda hata kama dereva anakuhakikishia amewahi kubeba friji.

## Ukiwa katika hali hii

Unakaa chumba kimoja, kadi yako ni ya zamani, unapenda gemu za kuendesha na filamu za usiku: inchi 29 itakutumikia bila kukudai kitu kingine.

Unafanya kazi na kucheza kwenye meza hiyohiyo, mchana kuna mwanga mwingi: inchi 34 ya IPS. Kama kazi ni chache na filamu ni nyingi, VA.

Wewe ni mtu wa sinema na gemu za hadithi, chumba unaweza kukitia giza, UPS unayo, na umepata waranti iliyoandikwa: OLED.

Umefunga usukani wa gari au fimbo ya kuendeshea ndege mezani, au unahariri video kwa saa nyingi, na kadi kubwa unayo tayari: inchi 49. Pima ukuta na mlango kwanza, boksi lake ni refu.

Mpira ndio mkubwa nyumbani, familia nzima inatazama, na gemu ni za PlayStation: TV ya inchi 43 itawapa picha ya upana wa sentimita 95, na hakuna monita pana kati ya hizi itakayowapa hiyo.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, kata karatasi ya boksi kwa vipimo vya zote mbili, ziegemeze ukutani juu ya meza yako, uishi nazo siku tatu kabla ya kupanda daladala kwenda Kariakoo.